Kusonga Alumini: Mwiko Kwanza au Tanuri Kwanza?

Uji hukorogwa, ugali husongwa. Mpishi hahitaji kuelezwa tofauti. Uji unaufuata mwiko popote uendako. Ugali unakataa, unashikana, unageuzwa kwa nguvu za bega, na kila ukigeuzwa madonge yanavunjika mpaka sufuria nzima inakuwa kitu kimoja. Nimeanzia jikoni kwa sababu mbinu ninayotaka kuijadili ilipewa na wahandisi jina lenye neno la kukoroga, na jina hilo linapoteza watu. Mtu akisikia kwamba uso wa bamba la alumini umekorogwa, anadhani umeyeyushwa. Haukuyeyushwa. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Humu joto aghalabu huishia kati ya nyuzi 400 na 500, metali ikiwa bado yabisi ila imelainika kiasi cha kuukubali mwiko. Basi nitaiita kwa jina linaloistahili: kusonga kwa msuguano.

Mwiko wenyewe ni kipande cha chuma cha zana, mara nyingi kile kinachojulikana kama H13, kilichokerezwa kikawa na sehemu mbili: bega bapa lenye upana wa, tuseme, milimita 18, na katikati yake ncha fupi ya milimita 6 yenye hesi kama za skrubu. Fundi anaufunga kwenye mashine ya milingi, anauinamisha nyuzi mbili au tatu kuelekea nyuma, analibana bamba barabara juu ya meza, kisha anawasha. Mizunguko 1,000 kwa dakika. Ncha inapogusa bamba hutoa mlio mkali wa kukwaruza. Baada ya sekunde chache mlio unashuka na kuwa mzito, kwa sababu metali imelegea. Bega likishalala juu ya bamba, fundi anasubiri kidogo joto likolee, halafu anaiachia meza itembee: milimita 50 kwa dakika, mwendo wa konokono asiye na haraka. Nyuma ya mwiko inabaki njia yenye mistari ya nusu duara iliyopandana kama magamba ya changu, na kando yake vinasimama vinyuzi vya alumini iliyofurika. Mwisho wa njia mwiko unanyanyuliwa, na pale ulipotoka panabaki tundu. Kwa mwiko wa kawaida tundu hilo halikwepeki. Ndiyo maana fundi mwenye akili humalizia njia yake kwenye sehemu ya bamba atakayoikata na kuitupa.

Mbinu hii ni mtoto wa mbinu ya kuungia. Mwaka 1991 Wayne Thomas na wenzake wa taasisi ya uchomeleaji ya TWI, karibu na Cambridge nchini Uingereza, walibuni njia ya kuunganisha mabamba mawili kwa kuzungusha zana kwenye mpaka wao bila kuyayeyusha. Viwanda vikaipokea: matangi ya roketi za Delta II, mabehewa ya treni za Hitachi, hata ukingo mwembamba wa kompyuta ya iMac ya mwaka 2012. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Rajiv Mishra na wenzake nchini Marekani wakauliza swali linaloonekana la kitoto: je, kama hakuna bamba la pili? Tukilisonga bamba moja tu, tukautoa mwiko, tumepata nini? Walijaribu kwa aloi ya ndege iitwayo 7075. Punje zake, yaani fuwele ndogo zinazoiunda metali, zikasagika hadi kufikia mikromita 3 hivi, na kipande kilipovutwa kwenye nyuzi 490 kilirefuka zaidi ya mara kumi ya urefu wake kabla ya kukatika. Metali iliyozoeleka kwa ukaidi ilivutika kama ubani uliotafunwa.

Lakini kwa nini mtu ahangaike na uso hasa? Kwa sababu alumini husifiwa kwa wepesi na kulaumiwa kwa ngozi. Uzito wake ni gramu 2.7 kwa kila sentimita ya ujazo, theluthi moja tu ya chuma. Ngozi yake ya asili, ile oksidi inayojijenga yenyewe mara metali inapokutana na hewa, ni ngumu sana, ila unene wake ni nanomita chache, na chini yake kuna metali laini isiyoweza kuibeba. Pistoni ya bodaboda iliyokosa oili inaonyesha matokeo. Ngozi inapasuka, alumini tupu inakutana na ukuta wa silinda, inashika, inachunika, inaacha mifereji mirefu ambayo fundi huipapasa kwa ukucha kabla ya kusema lolote. Ukucha ukikwama, pistoni imekwenda.

Dawa za ngozi zipo za kila aina. Iliyoenea zaidi ni kuikuza ile oksidi kwa umeme ndani ya tindikali, na kwa kazi nzito tabaka hilo hufika mikromita 25 hadi 100. Wengine hunyunyizia kauri, wengine huyeyusha uso kwa leza, wengine huupigapiga kwa gololi ndogo. Kila tabaka linalopakwa lina tatizo moja la kurithi, nalo ni mpaka kati yake na kilicho chini. Ukiligonga au ukilipasha joto na kulipoza mara nyingi, hapo kwenye mpaka ndipo linapobanduka. Uso uliosongwa hauna mpaka wa namna hiyo, maana ni metali ile ile iliyogeuzwa, na kina chake kinategemea urefu wa ncha, yaani milimita kadhaa. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, na ni jambo la ajabu kwamba maandishi mengi ya kitaalamu huipitia kwa sentensi moja na kukimbilia namba za ugumu.

Namba hizo zina hadithi yake, na bila kuielewa hadithi ya tanuri hazisomeki.

Mhunzi wa chuma anajua kwamba kisu hutiwa maji. Chuma kikiiva rangi ya machungwa kinazamishwa, kinatoa moshi, na papo hapo kimekuwa kigumu. Alumini ni kinyume. Ukiipasha moto mkali na kuizamisha majini, inatoka laini. Aliyegundua kinachofuata ni Mjerumani Alfred Wilm, mwaka 1906 hivi, alipokuwa akitafuta aloi ya alumini yenye shaba na magnesiamu kidogo. Inasimuliwa kwamba kipande kilichozamishwa majini kilipimwa mwisho wa wiki kikaonekana si kitu. Kilipopimwa tena baada ya mapumziko kilikuwa kimekuwa kigumu chenyewe, mezani, bila kuguswa. Hakuna aliyeweza kueleza sababu. Aloi hiyo ikauzwa kwa jina la duralumini, ikajenga mifupa ya ndege za puto za Zeppelin, na bado hakuna aliyeona kwa macho kilichokuwa kikitokea ndani yake mpaka mwaka 1938, wakati Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kivyake, walipoona kwa eksirei vikundi vidogo mno vya atomi za shaba vilivyojikusanya ndani ya fuwele za alumini. Baadaye, mwaka 1994, wachunguzi walilikagua bloku la injini ya ndege ya ndugu Wright ya mwaka 1903 wakakuta vikundi vile vile. Wright hawakujua. Metali ilijifanyia.

Hapa Kiswahili kinatutega kidogo. Tunasema barafu imeyeyuka na sukari imeyeyuka, neno moja kwa mambo mawili. Katika habari hii tuyatenganishe: metali ikigeuka kimiminiko nitasema imeyeyuka, shaba au magnesiamu ikitawanyika ndani ya alumini iliyo yabisi nitasema imemezwa. Matibabu ya tanuri ni kumeza na kutapika. Chukua aloi ya 6061, ile ya fremu za baiskeli na vipuri vingi vya mashine, yenye magnesiamu na silikoni. Ukiipasha kwenye nyuzi 530 kwa saa moja hivi, alumini inazimeza hizo mbili. Ukiizamisha majini ghafla, haipati muda wa kuzitapika, inabaki imevimbiwa. Kisha unairudisha kwenye tanuri la nyuzi 160 hadi 175 kwa saa nane au zaidi, na hapo inazitapika taratibu kama mashapo madogo yasiyoonekana kwa hadubini ya kawaida, mamilioni kwa mamilioni, na kila shapo ni kigingi kinachozuia tabaka za atomi zisiteleze. Hali hiyo huitwa T6. Ukilivuta bamba laini la 6061 hukatika kwenye megapaskali 124 hivi. Likiwa T6, 310. Ukizidisha muda au joto, mashapo madogo yanaungana kuwa makubwa machache, vigingi vinapungua, na ugumu unashuka tena. Watu wa ndege wanalijua hili vizuri: ribiti za aina fulani za duralumini huzamishwa majini zikiwa moto na kuwekwa kwenye friza, kama samaki, zisije zikagumuka kabla hazijagongwa.

Sasa weka mwiko na tanuri mezani pamoja, na ugomvi wao unaonekana. Vyote viwili vinafanya kazi kwa joto, na joto la mmoja linavuruga kazi ya mwenzake.

Chukua bamba la 6061 ambalo kiwanda kimeliuza likiwa tayari T6. Songa njia moja katikati. Kata kipande kimsalaba, king'arishe kama kioo, kisha pima ugumu kwa ncha ya almasi ya mashine ya Vickers, milimita kwa milimita, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kila kipimo kinaacha alama ndogo ya mraba. Alama ikiwa kubwa, metali ni laini. Pembeni kabisa utasoma 105 au 110. Ukikaribia njia alama zinaanza kukua: 95, 80, na nje kidogo ya pale bega lilipopita, 65 au hata chini ya hapo. Katikati ya njia, mahali ulipotumaini kuona ushindi, utapata 75 au 80. Chora namba hizo na utapata mabonde mawili na kilima kidogo kati yao. Umetumia mashine, umeme na mwiko wa gharama kuufanya uso uwe laini kuliko ulivyoununua.

Sababu si fumbo. Katikati joto lilivuka 450, alumini ikayameza mashapo yake, kisha ikapoa kabla ya kuyatapika upya. Kule kwenye mabonde joto lilikuwa 300 hadi 400, halikutosha kumeza lakini lilitosha kuyakuza mashapo yakawa mabonge. Na punje ndogo je, zile mikromita tatu au tano tulizozisifu? Zipo. Ila katika alumini mchango wa punje ndogo kwenye ugumu ni wa kiasi. Kanuni ya Hall na Petch inayosema punje ikipungua nguvu huongezeka ni ya kweli hapa pia, lakini alumini haina mwitikio mkubwa kama wa chuma. Katika aloi za familia hii mzigo mkubwa unabebwa na mashapo. Kuyapoteza mashapo ili kupata punje ndogo ni kuuza shamba ununue jembe.

Makosa mengi katika mjadala huu huanzia hapa. Mwandishi anatangaza kwamba kusonga kumeongeza ugumu kwa asilimia kubwa, na ukisoma kwa makini unakuta alilinganisha na bamba lililolainishwa, si lile la T6. Hakudanganya. Amechagua tu pa kusimama.

Basi tanuri lije baada ya mwiko? Zipo njia tatu za kulileta, na hazilingani. Ya kwanza ni kuzeesha tu: kipande kilichosongwa kinawekwa kwenye nyuzi 170 kwa saa kadhaa. Katikati ya njia hunufaika sana, kwa sababu pale alumini ilikwisha kumeza na kupoa, kwa hiyo nusu ya kazi ya T6 imefanywa na mwiko wenyewe. Ugumu hupanda karibu na ule wa mwanzo. Mabonde hayanufaiki. Mabonge ya mashapo hayavunjiki kwa nyuzi 170.

Ya pili ni T6 kamili, nyuzi 530, maji, kisha kuzeesha. Mabonde yanafutika na kipande chote kinakuwa na ugumu mmoja. Lakini ukikata na kuangalia katikati ya njia, mara nyingi unakuta maafa: zile punje ndogo hazipo, na mahali pake kuna punje chache za milimita nzima, kubwa kuliko zilizokuwepo kabla ya mwiko, zinazoonekana kwa macho kama mabaka ya bati la mabomba ya mvua. Metali iliyosongwa ina nguvu nyingi iliyofichwa kwenye mipaka ya punje zake, na ikipata joto la kutosha punje mbili tatu zenye bahati huanza kuzila jirani zao bila kushiba. Wataalamu huuita ukuaji usio wa kawaida. Ugumu unaweza kusomeka vizuri kabisa kwenye karatasi, huku ustahimilivu wa kipande dhidi ya kukunjwa na kuchoka umeporomoka. Anayepima ugumu peke yake hatajua mpaka kipande kivunjike.

Ya tatu ndiyo ninayoiona ina busara zaidi kwa familia hii, ingawa haipendezi kwenye michoro: mwiko uingie katikati ya hatua za tanuri. Pasha bamba zima, lizamishe majini, lisonge likiwa bado laini, halafu lizeeshe. Katikati mwiko unarudia kumeza kwa mara ya pili, hakuna hasara. Pembeni metali ilikuwa haijajenga mashapo, kwa hiyo joto la kati halina mengi ya kuyaharibu, na mabonde yanakuwa mafupi kuliko ukisonga bamba la T6. Wachomeleaji wa 6061 wanaijua hila hii siku nyingi. Mtu anaweza kuongeza na maji: bamba linasongwa likiwa limezamishwa au likinyunyiziwa, joto lisipate muda wa kutembea pembeni.

Kuna mlango mwingine, nao ni unga. Mwaka 2003 Mishra na wenzake waliweka unga wa silikoni kabaidi juu ya bamba la 5083 wakaupitishia mwiko. Pale unga ulipofikia asilimia 27 ya ujazo, ugumu ulifika 173 kwa Vickers, wakati bamba lenyewe lilikuwa na 85, ingawa tabaka hilo lilikuwa jembamba, mikromita 50 hadi 200. Tangu hapo watu wamechimba mfereji au safu ya matundu kwenye bamba, wakajaza unga wa kila aina, alumina, boroni kabaidi, grafiti, wakasonga mara moja, mara mbili, mara nne, kwa sababu unga kama wa muhogo hupenda kufanya madonge na mara moja haitoshi. Unga mgumu pia unautafuna mwiko. H13 haidumu mbele ya kabaidi.

Kwa kawaida unga husifiwa kwa ugumu wake wenyewe. Mimi naona sifa yake kubwa ni nyingine. Chembe ndogo zilizosambaa sawasawa huishika mipaka ya punje isitembee, jambo ambalo Clarence Zener alilikokotoa na ambalo lilichapishwa mwaka 1948. Maana yake ni kwamba uso uliosongwa pamoja na unga mzuri unaweza kupelekwa kwenye nyuzi 530 na kurudi bila punje zake kulana. Unga ndio unaoupatanisha mwiko na tanuri. Masharti ni kwamba chembe ziwe ndogo, ziwe nyingi, na zisambae; donge moja lililobaki halishiki chochote, na zaidi ya hapo ni mahali pa ufa kuanzia.

Watafiti wamejaribu hata majivu ya pumba za mpunga, ambayo sehemu yake kubwa ni silika. Huku kwetu yeyote aliyepita Kyela, Kilombero au Mwea wakati wa kukoboa ameona vilima vya pumba hizo vikichomwa kando ya mashine. Wazo linavutia, na kusonga kunalifaa kuliko kusubu: katika alumini iliyoyeyuka silika humnyang'anya mwenyeji magnesiamu yake, na 6061 bila magnesiamu haina cha kutapika kwenye tanuri. Chini ya mwiko muda ni sekunde tu. Lakini majivu ya kando ya mashine yana kaboni ambayo haikuungua na mchanga wa uwanjani. Lazima yachomwe tena, yasagwe, yachekechwe. Hapo urahisi wake unaanza kupungua.

Nimezungumzia familia moja kana kwamba ndiyo alumini yote. Siyo. Aloi ya 5083 ya vyombo vya baharini, yenye magnesiamu ya asilimia nne hadi tano, haigumuki kwa tanuri hata ukiiweka mwaka mzima. Kwake mwiko hauna mpinzani, na faida ya punje ndogo ni faida kamili. Hatari yake ni nyingine: ikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 65 au zaidi, magnesiamu inahamia kwenye mipaka ya punje na kujenga njia ambayo maji ya chumvi huifuata kama mchwa. Meli za kivita za Marekani za daraja la Ticonderoga, zilizojengewa sehemu ya juu kwa aloi ya jamaa hii, zilipata nyufa nyingi kwa sababu hiyo. Boti za kasi zinazokwenda Dar es Salaam na Zanzibar zina mwili wa alumini na zinaota jua la ikweta kila siku. Habari ya mipaka ya punje haiko mbali nasi kama inavyosikika.

Na ipo familia ambayo kwayo, kwa maoni yangu, kusonga kulizaliwa: vitu vya kusubu. Aloi kama A356, alumini yenye silikoni ya asilimia saba hivi, ikimiminwa kwenye kalibu inapoa na kasoro tatu. Vitundu vya gesi. Silikoni iliyojipanga kama sindano. Na chuma, hasa kama alumini ilitoka kwenye skrepa, kinachojenga vibamba vyembamba na vikali kama vigae. Tanuri huweza kuziviringisha kingo za sindano hizo zikawa butu kidogo. Vitundu halivigusi, na wakati mwingine huvipanua. Mwiko hufanya yote kwa mpigo mmoja: vitundu vinafinywa na kufungwa, sindano zinavunjwa kuwa chembe za mikromita chache, vigae vinasagwa. Kipande kilichokuwa kinakatika baada ya kurefuka asilimia chache sasa kinajikunja, na maisha yake chini ya mzigo wa kurudiarudia yanaongezeka sana. Ukikitia T6 baadaye hupati hasara kubwa, kwa sababu chembe za silikoni zilizovunjwa zinasaidia kuishika mipaka ya punje. Ni kile kile tulichokuwa tunakinunua kwa unga, hapa kimo ndani bure.

Kwa hiyo nikiulizwa mbinu hii ina nafasi gani kwenye karakana za Gikomba, Gerezani au Katwe, situmii muda kwenye mabamba ya ndege. Natazama sehemu za kusubu: kichwa cha injini kilichopasuka kati ya vali, bega la kifuniko cha pampu, pistoni kwenye mfereji wa ringi ya juu. Vitu hivi vinasubiwa upya kutokana na skrepa, vina vitundu na chuma kingi, na huvunjika mahali pale pale kila mara. Mahali hapo ni padogo. Na udogo ni muhimu, kwa sababu ya hesabu ambayo haionekani sana kwenye makala za kitaalamu. Ncha ya milimita 6, njia zikipandana nusu kwa nusu, inasonga milimita 3 mpya kila mara. Mita moja ya mraba inadai njia 333 za mita moja. Kwa milimita 50 kwa dakika kila njia inachukua dakika 20. Jumla ni dakika zaidi ya 6,600, yaani saa 111, bila kuhesabu muda wa kuurudisha mwiko mwanzo. Hakuna mwenye akili atakayeusonga uso wa paa. Lakini duara la sentimita tano kwenye kiti cha vali ni kazi ya chini ya dakika 15.

Mashine si kikwazo kama watu wanavyodhani. Tafiti nyingi duniani zimefanyika kwa milingi ya kawaida ya wima, kama zile zilizomo kwenye karakana za vyuo vyetu vya ufundi, na Nelson Mandela University ya Afrika Kusini, kupitia kitengo chake cha eNtsa, imeonyesha kwamba kazi ya msuguano inaweza kufanyika barani kwa kiwango cha viwanda. Kikwazo ni mgandamizo. Mwiko unasukumwa chini kwa kilonyutoni kadhaa; ukifika 10, ni kama umeweka tani nzima juu ya spindo, na beringi za milingi nyingi zilitengenezwa kubeba mzigo wa ubavuni, si wa kichwani. Msimamizi wa karakana akikataa kukupa mashine, sikiliza sababu zake kabla ya kumwita mkaidi. Anza na ncha ya milimita 3.

Suala la kutu sitalikuza, kwa sababu halina jibu moja. Kwa vitu vya kusubu mambo huwa mema, maana vigae vya chuma vilivyokuwa vinaanzisha mashimo vimesagwa. Kwa 7075 na aloi za alumini zenye shaba, yale mabonde ya pembeni mwa njia ndiyo hushambuliwa kwanza, na tanuri huweza kusaidia kwa njia ya kushangaza: kuzeesha kupita kiasi kwa makusudi, hali iitwayo T73, ambako unatoa sadaka asilimia 10 hadi 15 ya nguvu ili nyufa za kutu zisitembee. Mjenzi wa ndege huilipa sadaka hiyo bila kulalamika.

Hiyo 7075 ina tabia moja zaidi ambayo imewatia aibu wengi. Ikishasongwa, katikati ya njia imemeza zinki na magnesiamu yake, na hata ukiiacha juu ya rafu bila tanuri inaanza kutapika yenyewe, kama duralumini ya Wilm, ila yake haikomi baada ya siku nne au tano. Inaendelea wiki, miezi, na kwa kasi ndogo hata miaka. Kipande kilichopimwa Ijumaa na kilichopimwa mwezi uliofuata vitatoa namba mbili, na mwanafunzi ataandika kwamba tofauti imeletwa na kasi ya mwiko. Ndiyo maana katika karakana inayojiheshimu kila kipande kinachoshuka mezani huandikwa kwa kalamu ya wino usiofutika, mgongoni, kabla hakijapoa vizuri: aloi, mizunguko, mwendo wa meza, na tarehe na saa mwiko ulipotoka.